Nguvu ya Kusimama na Nguvu ya Kwenda

Chukua mota ya hatua, ile ambayo mafundi wengi huiita stepa, uigeuze usome kibandiko chake. Utakuta tarakimu chache tu: ampea kadhaa, nyuzi 1.8 kwa kila hatua, na kwenye karatasi ya muuzaji, nguvu yake ya kuzungusha, tuseme nyutoni-mita 3. Tarakimu hiyo ya mwisho ndiyo inayouza mota. Mjenzi anayetaka mashine imara huitazama hiyo kwanza, na akiwa na fedha ya ziada hupanda hadi nyutoni-mita 4. Lakini nguvu hiyo ilipimwa mota ikiwa imesimama. Ni nguvu ya kukataa kusogezwa: umeme unapita kwenye koili, mhimili umetulia, na kipimo kinausokota hadi uteleze. Mota ikianza kuzunguka hesabu inakuwa nyingine, na kadiri kasi inavyopanda ndivyo nguvu inavyoshuka. Tunanunua nguvu ya kusimama kwa ajili ya kazi ambayo yote ni ya kwenda.

Naandika haya kwa ajili ya wanaojenga mashine za CNC kwa mikono yao: ile meza yenye daraja juu yake, spindeli imefungwa darajani, na kompyuta inaamuru biti ipite wapi. Zamani mashine ya namna hiyo ilikuwa mali ya viwanda vikubwa. Leo kijana wa Nairobi au Dar es Salaam anaweza kuagiza skrubu, mota na draiva kutoka China, akachomelewa fremu na fundi wa Kamukunji au Gerezani, akapakua programu isiyolipiwa, na mwishowe akawa na mashine inayochonga mninga na kukata bamba la alumini. Ni jambo la kufurahiwa kwa moyo wote. Ndiyo maana inauma kuona mashine iliyojengwa kwa vifaa vikubwa vya bei ghali ikishindwa kazi na mashine ndogo iliyopangwa kwa hesabu. Katika ile ndogo, skrubu na mota ziliulizwa maswali pamoja kabla hazijanunuliwa.

Tuanze na watu, maana kazi ya mota hizi iliwahi kufanywa na watu. Mwishoni mwa miaka ya 1940, John T. Parsons alikuwa akitengeneza mapangaboi ya helikopta katika mji wa Traverse City, jimbo la Michigan, Marekani. Umbo la pangaboi ni mkunjo ambao mkono haupatii kwa kukisia, kwa hiyo yeye na mhandisi wake, Frank Stulen, walitumia mashine za kadi za matundu kukokotoa nukta nyingi zilizo juu ya mkunjo huo. Nukta zikapelekwa karakanani kama orodha ya namba. Mtu mmoja alizisoma kwa sauti. Wengine wawili walishika mikono ya mashine, mmoja akisogeza meza kwa urefu, mwenzake kwa upana, na kisu kikashuka pale namba ziliposema. Mwaka 1949 Parsons alipata mkataba wa Jeshi la Anga la Marekani, na mwaka 1952 chuo cha MIT kikaonyesha hadharani mashine ya kukatia chuma iliyosogea pande tatu kwa kufuata utepe wenye matundu, bila mtu kushika mkono wowote.

Hebu wafikirie wale wawili waliosimama kwenye mikono ya mashine. Walichotakiwa kuwa nacho hakikuwa misuli. Walitakiwa wazungushe kiasi kilichotajwa, kwa wakati wake, bila kupitiliza na bila mmoja kubaki nyuma ya mwenzake. Hadi leo hicho ndicho tunachoitaka mota, na ndicho kinachosahaulika mtu anapochagua mota kwa ukubwa.

Mkono ambao mota huushika ni skrubu ya gololi. Kwa mbali ni fimbo ya chuma yenye mfereji uliojizungusha kutoka ncha hadi ncha, na nati iliyokaa juu yake. Kazi yenyewe iko ndani ya nati. Hesi ya nati haigusi hesi ya skrubu. Kati yao pamejaa gololi za chuma, na katika skrubu iliyozoeleka ya kipenyo cha milimita 16, kila gololi ina kipenyo cha milimita 3.175, yaani sehemu ya nane ya inchi. Skrubu ikizunguka, gololi hubingirika ndani ya mfereji. Zikifika mwisho wa nati hupokewa na kijia kinachozirudisha mwanzo, na safari huanza upya. Kwa kuwa zinabingirika badala ya kuteleza, takribani asilimia 90 ya kazi inayotolewa na mota huifikia nati. Skrubu yenye hesi ya kawaida ya trapeza mara nyingi hupoteza nusu au zaidi kwa msuguano.

Isimamishe wima skrubu iliyotiwa mafuta, kisha iachie nati. Mara nyingi itateremka yenyewe, ikizunguka polepole halafu kwa kasi. Ikipita ncha bila kuzuiwa, gololi zitamwagika sakafuni na kutawanyika hadi chini ya kabati, na kuzirudisha moja moja ndani ya mfereji ni kazi ya subira. Wepesi huo una gharama nyingine. Kwenye mhimili wa kupanda na kushuka, spindeli nzito inaweza kuteremka umeme ukikatika, kwa kuwa skrubu haina msuguano wa kuishikilia. Mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa, breki ya mota au chemchemi ya kubeba uzito wa spindeli inapaswa kuwa kwenye mchoro tangu siku ya kwanza.

Skrubu hizi huitwa kwa tarakimu nne zinazosema karibu kila kitu. Iitwayo 1605 ina kipenyo cha milimita 16, na nati yake husogea milimita 5 kwa mzunguko mmoja. Iitwayo 1610 ina kipenyo kilekile, ila nati husogea milimita 10. Kuchagua kati ya 5 na 10 ndio moyo wa jambo lote hili. Tuchukue mota iliyobakiwa na nyutoni-mita 1 ikiwa katika kasi ya kazi. Kwenye skrubu ya milimita 5 itasukuma kwa nyutoni zipatazo 1,130, karibu sawa na uzito wa kilo 115. Kwenye skrubu ya milimita 10 itasukuma kwa nusu yake, nyutoni 565. Upande wa kasi mambo hugeuka: mizunguko 600 kwa dakika ni mita 3 kwa dakika kwenye skrubu ya kwanza, na mita 6 kwenye ya pili. Mota ina kiasi chake cha kazi inachoweza kufanya kwa sekunde, na skrubu haiongezi hata chembe. Inaamua tu kama kazi hiyo itatoka kwa sura ya nguvu au kwa sura ya kasi.

Sasa tuulize ni sura ipi tunayoihitaji. Biti ya milimita 6 inayopita kwenye mbao au alumini katika mashine ya nyumbani huhitaji kusukumwa kwa makumi ya nyutoni, pengine mia moja au mbili kazi ikiwa ngumu. Ukiilazimisha kupita hapo, biti huvunjika au fremu hujipinda kabla mota haijalemewa. Kwa hiyo nguvu ya kusukuma, ambayo ndiyo tunayoihofia na kuilipia, kwa kawaida tunayo ya kutosha na kubaki. Upungufu hujificha kwenye kasi.

Mbao hudai kasi. Spindeli ya mizunguko 18,000 kwa dakika, yenye biti ya makali mawili, ambapo kila kali linatakiwa limege unene wa milimita 0.1, inapaswa kusogea milimita 3,600 kwa dakika. Ukiipeleka kwa robo ya kasi hiyo, makali hayamegi tena, yanasugua. Badala ya maranda hutoka vumbi laini, mninga huanza kunuka moshi, ukingo wa mchongo huwa mweusi, na makali ya biti hufa mapema. Mjenzi huilaumu biti, au huulaumu ubao, ilhali biti imeungua kwa sababu mhimili haukuweza kwenda. Alumini nayo ina madai mengine: kwa biti ya kali moja na mego la milimita 0.04, spindeli ileile hutaka milimita 720 tu kwa dakika, lakini hutaka fremu isiyotikisika na nati isiyo na mchezo.

Swali la pili ni kwa nini mota huishiwa nguvu inapokimbia, na jibu liko ndani yake. Mhimili umevaa chuma chenye meno 50, na koili za makundi mawili huyavuta meno hayo kwa zamu. Hatua nne kamili husogeza mhimili kwa jino moja, hivyo mzunguko mzima ni hatua 200. Kwa mizunguko 600 kwa dakika, mota inapiga hatua 2,000 kwa sekunde, na kila hatua imepewa nusu ya milisekunde. Katika muda huo mkondo sharti ujae kwenye kundi moja la koili huku ukitoka kwenye kundi jingine. Koili kwa tabia yake hupinga kubadilishiwa mkondo ghafla. Tabia hiyo ndiyo indaktansi, na hupimwa kwa milihenri. Koili ya milihenri 3 inayotakiwa kubeba ampea 4, ikilishwa kwa volti 24, huchukua takribani nusu ya milisekunde kujaa, hata kabla hatujaingiza upinzani wa waya na volti ambazo mota huzizalisha yenyewe ikizunguka. Maana yake ni kwamba kwa mizunguko 600 tayari tumefika ukingoni. Tukiongeza kasi, koili inakuwa kama ndoo inayoondolewa bombani kabla haijajaa. Ilishe kwa volti 48, na muda wa kujaa unakuwa robo ya milisekunde. Ukingo unasogea kuelekea mizunguko 1,200. Mota ni ileile na skrubu ni ileile, lakini mashine imekuwa nyingine.

Hapa ndipo mota kubwa huweza kupitwa na ndogo. Ili kupata nguvu kubwa ya kushikilia, watengenezaji mara nyingi huongeza urefu wa chuma na mizunguko ya waya, na indaktansi hupanda pamoja nayo. Zikiwa zimesimama, mota ya nyutoni-mita 4 huishinda ya 2. Zikiwa kwenye mizunguko 800 kwa dakika, kwa volti zilezile, ya 2 yenye indaktansi ndogo inaweza kuwa imebaki na nguvu nyingi zaidi. Mariss Freimanis, aliyebuni draiva za Geckodrive, aliwaachia wajenzi kanuni rahisi ya kukadiria volti ya juu inayoifaa mota: chukua kipeuo cha pili cha indaktansi kwa milihenri, uzidishe kwa 32. Milihenri 3 hutoa volti 55. Kama draiva yako mwisho wake ni volti 50, tumia 48 uwe salama. Kama pawa saplai uliyonayo ni ya volti 24, usinunue mota ya indaktansi kubwa ukitarajia ikimbie.

Swali la tatu ni la uzito, na hapa macho hudanganya. Mjenzi akilitazama daraja la kilo 20 huona kwamba ndilo mzigo wa mota. Lakini mota hailibebi daraja. Hulisogeza kupitia skrubu, na skrubu yenye mwendo wa milimita 5 huupunguza mzigo huo mno. Tukikokotoa inesha, yaani ule ukaidi wa kitu kuanza au kuacha kuzunguka, daraja la kilo 20 huonekana kwa mota kama gramu-sentimita mraba 127. Skrubu yenyewe, ya kipenyo cha milimita 16 na urefu wa mita 1, ambayo haiendi popote bali inazunguka palepale, ina zipatazo 505. Ni mara nne ya daraja zima. Tena inesha hukua kwa kipenyo kikipigwa nafsi yake mara nne, kwa hiyo anayeamua kununua skrubu ya milimita 25 badala ya 16 ili mashine iwe imara zaidi, amepandisha inesha ya skrubu hadi karibu 3,000. Sehemu inayozunguka ndani ya mota ya kawaida ya nyutoni-mita 2 ina zipatazo 480. Amemtwisha mtoto gogo.

Ukitaka daraja liongeze kasi kwa mita 1 kwa sekunde katika kila sekunde, mhimili wenye skrubu ya kipenyo cha milimita 16, pamoja na daraja na mota yenyewe, hula takribani nyutoni-mita 0.14 kwa kuongeza kasi tu. Wenye skrubu ya milimita 25 hula 0.45. Na mashine ya kuchonga haiendi mstari mmoja ikatulia. Maua na herufi ni kona tupu: kuanza, kupunguza, kugeuka, kuanza tena, maelfu ya mara katika kazi moja. Unene uliolipiwa kwa ajili ya uimara hugeuka kodi inayotozwa kwenye kila kona.

Urefu nao una lake. Fimbo ndefu ikizungushwa kwa kasi hujipinda katikati na kuanza kupiga huku na huku kama kamba. Skrubu ya 1605 yenye kiini cha milimita 13, iliyobanwa kwa beringi za BK upande wa mota na kuegemezwa kwa BF upande wa pili, huweza kwenda salama hadi karibu mizunguko 1,960 kwa dakika ikiwa na urefu wa mita 1. Kwa mita 1.5, mwisho ni kama 870. Kwa mita 2.5, urefu unaohitajika ili kukata shiti nzima ya plaiwudi, mwisho ni kama 310, sawa na mita 1.6 tu kwa dakika kwa mwendo wa milimita 5. Urefu ukiongezeka maradufu, kasi salama hubaki robo. Hakuna mota inayoweza kulitibu jambo hilo. Ndiyo maana mashine ndefu huiacha skrubu na kutumia reki ya meno na gia, na anayezitumia amefanya hesabu, hajabana matumizi.

Hata ubongo wa mashine huingia kwenye hesabu hii. Programu ya Grbl, iliyoanzishwa mwaka 2009 na Simen Svale Skogsrud wa Norway, iliwafungulia wengi mlango kwa kuwa inakaa ndani ya bodi ndogo ya Arduino. Lakini kwenye bodi hiyo hutoa mapigo yapatayo 30,000 kwa sekunde, si zaidi. Ukigawa kila hatua vipande 16 kwenye skrubu ya milimita 5, unahitaji mapigo 640 kwa kila milimita, na mwisho wako ni kama mita 2.8 kwa dakika, hata mota iwe na nguvu kiasi gani. Kugawa hatua hulainisha mwendo na kupunguza mtikisiko. Hakuleti usahihi wa udogo wa vipande hivyo. Skrubu ya kiwango cha usahihi cha C7, ambayo ndiyo wengi wetu tunaimudu, inaruhusiwa kukosea milimita 0.05 katika kila milimita 300. Na chini ya mabati ya saa nane mchana, skrubu ya mita 1 iliyopata joto la nyuzi 10 zaidi ya asubuhi imerefuka milimita 0.12 hivi. Mtu anayegawa hatua mara 32 ili apate usahihi wa mikroni moja anapima kwa rula isiyokuwepo.

Tuyaweke yote mezani kwa mashine moja: eneo la kukatia la mita 1 kwa milimita 600, kazi yake mninga na plaiwudi, na alumini mara chache. Kazi ndiyo itangulie: mbao zinataka milimita 3,600 kwa dakika, na safari tupu tungependa zifike 8,000. Skrubu ya 1610 kwenye mihimili miwili mirefu hutoa kasi hizo kwa mizunguko 360 na 800. Zote ziko chini ya ukingo wa mota yenye volti 48, na mbali na kasi ya kupigapiga. Mota ya nyutoni-mita 2 yenye indaktansi ndogo, ikibakiwa na nusu ya nguvu yake, husukuma kwa nyutoni 565, zaidi ya mara mbili ya kinachodaiwa na biti. Hatua zikigawanywa mara 8 ni mapigo 160 kwa milimita, na bodi ndogo inayamudu bila kutweta. Kwenye mhimili wa kupanda na kushuka, skrubu ya milimita 5, kwa kuwa huko nguvu na utulivu vina thamani kuliko mbio. Anayekata alumini siku zote angegeuza: milimita 5 kila mahali, na fedha iliyobaki iende kwenye fremu. Hakuna hata kifaa kimoja katika orodha hii kilicho kikubwa kuliko vyote dukani.

Kwa nini nasisitiza sana? Kwa sababu mota ya hatua haijui ilipo. Draiva huipa mapigo, nayo hutii; ikishindwa kutii, hakuna anayeambiwa. Mzigo ukizidi nguvu iliyobaki kwenye kasi ile, sauti ya mota hubadilika ghafla, mlio wa juu unageuka mkoromo mfupi, na jino moja au mawili yanakuwa yamepotea. Kompyuta huendelea kuamini kwamba daraja liko pale ilipolipeleka. Kila mstari unaofuata huchongwa kwa ustadi uleule, ila mahali pasipo pake, hadi ubao uishe. Zipo mota zenye kisoma-mahali zinazoweza kugundua kosa, na ni nzuri. Lakini nazo hupewa kwanza skrubu inayozifaa, maana kujua kwamba umeshindwa hakukupi nguvu za kutoshindwa.

Kwa hiyo uaminifu wa mashine hii yote umejengwa juu ya jambo moja: kwamba haikuombwa kitu isichoweza. Mjenzi ndiye aliyetoa ahadi hiyo kwa niaba yake, siku alipochagua. Mimi naona hili ni zaidi ya ufundi. Ni namna ya kuheshimu vitu: kukiuliza kila kimoja kina uwezo gani kikiwa kazini, si kikiwa kimepangwa rafuni, na kisha kukikutanisha na mwenzake ambaye udhaifu wake hautakiangusha. Skrubu nene haiwi nguvu kwa mota inayolemewa nayo. Volti nyingi hazifai kitu kwa draiva itakayoungua. Ukubwa hununuliwa kwa fedha peke yake. Uwiano hupatikana kwa kukaa chini na kufikiri, na kwa hiyo uko wazi kwa fundi maskini sawasawa na tajiri.

Kwetu hili lina uzito wa pekee. Skrubu iliyoagizwa kutoka Shenzhen hairudishwi kirahisi. Imelipiwa, imesubiriwa, imelipiwa tena forodhani. Ikiwa haifai, mara nyingi hufungwa hivyohivyo kwenye mashine, na mwenye mashine huzoea kazi mbovu akidhani ndio mwisho wa uwezo wa vifaa vya bei nafuu. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na kwa shamba walikuwa sahihi: siku ya kulima haisubiri jembe zuri. Kwa mashine ya CNC naliona jambo kinyume. Hapa kuchagua ndiko kulima kwenyewe. Kazi kubwa huisha kabla boksi halijafunguliwa, na bandubandu inayomaliza gogo huwa imekwisha kuamuliwa juu ya karatasi.

Basi wewe unayetaka kujenga, usianze na mota. Anza na kile utakachokata. Andika kasi ambayo biti inaidai, urefu wa mhimili, na uzito wa daraja. Kutokana na hayo chagua mwendo wa skrubu, kisha kipenyo kidogo kinachotosha urefu huo. Ndipo utafute mota, na usikubali kuuziwa kwa nguvu ya kushikilia pekee. Mdai muuzaji mchoro unaoonyesha nguvu inavyoshuka kasi inavyopanda, pamoja na indaktansi na volti zilizotumika kuupima. Tafuta kwenye mchoro huo mizunguko utakayoitumia, soma nguvu iliyobaki pale, ikate nusu kwa ajili ya usalama, uone kama inatosha. Ikitosha, agiza. Isipotosha, badilisha mwendo wa skrubu au volti kabla hujabadilisha ukubwa wa mota. Na muuzaji asiyeweza kukuonyesha mchoro huo, mwache, hata bei yake iwe ya chini namna gani.